Fundo la Mteremkoni

Salvatori Misago hakujua kukaa. Ukimpa kigoda atakikalia kwa nusu tako, na mguu wake wa kulia utaanza kutikisika mpaka vikombe vilivyo mezani vianze kugongana. Kanisani alisimama nyuma, mlangoni. Msibani, wenzake wakikaa na kuzungumza, yeye alipasua kuni. Mkewe, Leokadiya, alikuwa akisema kwamba mwanamume huyu hata usingizini anakanyaga pedeli, na ndiyo sababu shuka zao hazimalizi mwaka. Watu walicheka. Leokadiya hakuwa anatania sana.

Kazi yake basi ilimfaa. Tangu ujana wake aliteremsha ndizi kwa baiskeli kutoka soko la Bugarama, kule juu kwenye ukungu na baridi, mpaka Bujumbura kwenye joto la ziwani. Kurudi juu alining'inia nyuma ya lori, mkono mmoja kwenye chuma na mwingine kwenye usukani. Kupanda kulitaka moyo tu. Kushuka ndiko kulikotaka akili, kwa sababu mikungu ikishafungwa kwenye keria, baiskeli inakuwa nzito kuliko mwenyewe, na mteremko ndio unaoisukuma. Pedeli huigusi. Kazi yako yote ni kuzuia. Breki za dukani hazikufika hata nusu ya njia, kwa hiyo kila mbebaji alijifungia kipande cha tairi la lori nyuma ya gurudumu, akakikanyaga kwa kisigino, na hapo gurudumu lilisuguliwa mpaka likatoa moshi.

"Usingoje mpaka umefika ndipo uiambie isimame," Misago aliwaambia wageni wa kazi. "Iambie ungali mbali. Mzigo ukishashika mwendo unakuwa kiziwi."

Kaka yake Gaspari alijua hayo yote, na bado alikufa. Ilikuwa msimu wa mvua, kwenye kona ya mikaratusi, lami imelowa na tairi linateleza juu ya tairi kama sabuni. Gaspari angeweza kuachia mzigo. Lakini kwetu mbebaji anayeachia mzigo njiani huchekwa mpaka meno yamtoke, na mizigo hufungwa kwa fundo la kufa, watu wawili wakivuta mpira huku wameweka mguu kwenye mzigo, fundo ambalo hufunguliwa kwa kisu tu, sokoni. Walimkuta korongoni. Siku ya mazishi mzee Nyabenda, ambaye hakuna mkutano wa mlima wetu uliowahi kumpita bila yeye kusimama kusema, alisimama akasema: "Gaspari alikuwa mwanamume. Tumemkuta na mzigo wake mzima. Hata ndizi moja haikufunguka!"

Watu wakaitikia kwa vichwa. Walilisifu fundo, wallahi, mbele ya jeneza. Na miguuni mwa Leokadiya alikuwa amekaa Spesiyoza, binti wa marehemu, msichana mdogo wa kuanza shule ambaye mama yake alishatangulia, akisikiliza.

Misago na mkewe walimlea. Aliwaita baba mdogo na mama mdogo, na kwa kuwa hao wawili hawakupata mtoto, akawa wao moja kwa moja. Alipokua akachumbiwa na kijana mchomeleaji wa vyuma anayekaa vilima vya chini, karibu na jiji, siku moja alimfuata Misago uani, ambako alikuwa akizunguka baiskeli yake bila sababu.

"Baba mdogo, kabla sijaondoka nataka kitu."

"Ng'ombe tumeshakubaliana, nguo umenunuliwa. Unataka nini tena, ndege?"

"Fundo."

Akachukua mpira wa kufungia mzigo, akauzungusha kwenye keria, akaupitisha, akaukunja, kisha akauleta mwisho wake mbele mpaka kwenye usukani. "Hili ukilivuta mara moja, mzigo wote unaanguka. Ndivyo tunavyofunga mbuzi."

Misago akacheka. "Wenzangu wataniita bibi."

"Wakuite." Msichana hakucheka. "Siku ya kunifunua, nitakuwa nimekaa mbele ya watu, nimefunikwa nguo. Baba ndiye anayeonja pombe kwanza. Wakinifunua nikakutafuta nisikuone, nitakuwa nimekosa baba mara mbili. Niahidi."

Akaahidi. Tangu siku hiyo alifunga fundo la mbuzi, ila ule mwisho wa mpira aliuficha chini ya majani ya mgomba ili wenzake wasiuone. Na hakuwahi kuuvuta.

Harusi ikapita, na ikafika siku ya kumfunua bibi harusi kwa wakwe. Siku hiyo upande wa msichana ndio unaopeleka pombe ya ndizi, na bila pombe hiyo hakuna anayefunuliwa. Mlima mzima ulichangia. Madumu manne ya lita ishirini yalisimama uani kwa Misago, kila moja na kizibo chake cha jani la mgomba, ili pombe inayochacha ipate pa kupumulia, na kila kizibo kimefungwa kwa namna ya nyumba yake. Moja lilikuwa la Leokadiya, moja la Nyabenda, mawili ya majirani.

Pombe kwetu haipokelewi bila kuonjwa. Mwenye kuileta anaonja, anayeipokea anaonja, na wanaopita njiani nao wanakuwa na hamu ya ghafla ya kujua afya ya mwenye nyumba. Nyabenda alionja la kwake ili kuthibitisha, akaonja mengine ili kulinganisha, kisha akarudia la kwake kwa sababu alikuwa amesahau ladha yake. Asubuhi, pikapu ya kukodi ilipokuja kuwachukua watu, kila dumu lilikuwa limepungua vidole vinne. Wakapanda, Leokadiya na wanawake wa vikapu, Nyabenda na fimbo yake, wakiimba.

"Gari litakurudia wewe na pombe," Nyabenda alimpigia kelele Misago. "Kaa utulie!"

Kaa utulie! Kumwambia Misago hivyo ni sawa na kuyaambia maji ya bomba. Alizunguka ua. Akafagia palipofagiliwa. Akaenda mpaka barabarani, akatazama chini kwenye ukungu, akarudi, akayagusa madumu, akaenda tena barabarani. Suti aliyoazima ilimbana makwapani. Kila gari lililonguruma alilikimbilia, na kila gari lilikuwa la mtu mwingine. Jua lilijaribu kutoka, likashindwa, manyunyu yakaanza. Akahesabu kichwani: wakwe wanakaa sasa, viti vinapangwa, msichana anafunikwa nguo.

Kisha likapanda lori, na nyuma yake alikuwa amening'inia Butoyi, mbebaji mwenzake.

"Misago! Bado uko hapa? Pikapu yenu nimeiona kituo cha mafuta. Imewashusha watu, imerudi nusu ya njia, ikakauka. Foleni ya mafuta inapita kanisa. Dereva amelala juu ya usukani, bwana, anakoroma."

 Misago alikuwa ameshaikimbilia baiskeli.

"Nikusaidie mawili?" Butoyi akamfuata. "Ila uma wangu wa mbele umepasuka, nimeufunga waya. Ukibeba mzigo utakatika kwenye kona ya kwanza."

"Acha. Nayabeba yote."

"Lakini hayajajaa haya." Butoyi alitikisa dumu moja, pombe ikavuma ndani yake. "Yatacheza. Jaza matatu kwa hilo moja, uende na matatu yaliyonyamaza."

Misago alijua hivyo kuliko Butoyi. Kitu cha maji kikijaa hadi shingoni kinakuwa kitu kimoja na baiskeli. Kikipungua kinakuwa abiria mlevi. Lakini alivitazama vile vizibo. Kule chini Nyabenda angesimama ayataje madumu moja moja, hili la nyumba fulani, hili la fulani, na nyumba ambayo dumu lake halikuonekana ingebeba chuki hiyo mpaka kizazi cha tatu. Na la kuondoa lingekuwa la nani? Hata la mkewe mwenyewe hakuthubutu. Aibu ya namna hiyo ndiyo inayotuua watu wa mlimani, na wala hatuioni kama ugonjwa.

"Yote manne," akasema.

Matatu akayafunga kwenye keria, la Leokadiya akalibana katikati ya fremu kwa mpira wake peke yake. Fundo la mbuzi. Mwisho wa mpira akauvuta mpaka kwenye usukani, na safari hii, kwa haraka, hakuuficha. Butoyi akauona.

"Nini hiki? Unafunga mbuzi?"

"Niondokee."

"Misago anafunga mbuzi! Ngoja nikawaambie sokoni..."

Lakini Misago alikuwa ameshaondoka.

Mwanzoni mteremko ni mpole, na aliwaza kwamba labda Butoyi ametia chumvi. Kona ya kwanza ikamjibu. Alikanyaga tairi, baiskeli ikakubali kupunguza mwendo, lakini pombe haikuwa na habari. Ndani ya madumu ilikuwa bado inakwenda kasi ileile ya nyuma, ikakimbilia mbele, ikagonga ukuta wa plastiki na kumsukuma mgongoni kama mtu. Alipoachia, ikarudi nyuma, gurudumu la mbele likawa jepesi. Alipokata kona, yeye na baiskeli waligeuka, na pombe ikataka kunyooka. Kila alichotaka, yenyewe ilikitaka baadaye kidogo, na kinyume.

Alisimama? Hakusimama. Angeweza kusimama kwenye bapa la wauza karoti, pale mteremko unapokatika kidogo, afungue vizibo na kujaza matatu kwa moja. Hata alipunguza mwendo. Simu ikalia mfukoni, akaipokea kwa mkono mmoja, mjinga huyu, kwenye mteremko.

"Uko wapi?" Alikuwa Leokadiya, ananong'ona. "Wameshakaa. Baba mkwe ameuliza mara mbili. Mtoto yuko ndani ya nguo, anasubiri."

"Nakuja. Nimefika karibu."

"Gari liko wapi?"

"Nakuja, Leokadiya!"

Hakusimama bapani. Ukungu ulikuwa mzito, manyunyu yamelowesha lami, na mwili wake wote ulikuwa unamwambia twende, twende, kama ulivyomwambia maisha yake yote. Nyuma, mahali fulani, kengele ya Butoyi, aliyekuwa amemfuata bila mzigo, ilikuwa ikilia ikimwambia apunguze.

Akaingia kwenye mikaratusi.

Kwanza aliona majani. Matawi mabichi yametandazwa barabarani, na kila dereva wa nchi hii anajua maana yake: mbele kuna gari limekufa. Akakanyaga tairi. Tairi lilikuwa limelowa, likateleza, kisha likashika, moshi ukatoka. Na pombe ikaja. Ikamsukuma, ikarudi, ikamsukuma tena. Ukungu ukafunguka, na hapo mbele kulikuwa na tako la lori, pana, lenye matope, limesimama katikati ya upande wake. Upande wa pili lori jingine lilikuwa linapanda na taa zake. Kulia, korongo. Korongo lilelile.

Mkono wake ulikuwa tayari juu ya mpira.

Watu watakusimulia kwamba hapo alimwona kaka yake. Hakumwona. Alichokiona ni kizibo cha Nyabenda, na uso wa Nyabenda, na sokoni kote wakicheka. Aliona haya. Kifo kiko hatua chache mbele yake, na yeye, mtu mzima mwenye suti ya kuazima, alikuwa anaona haya! Mkono haukutaka kuvuta. Kisigino kilikuwa kinaungua ndani ya kiatu. Ndipo akafikiria nguo ikiondolewa kichwani mwa yule msichana, na macho yake yakianza kutafuta, kiti kwa kiti.

Akavuta.

Madumu matatu yakaanguka nyuma yake kwa kishindo. Baiskeli ikaruka mara moja kama punda aliyetuliwa mzigo, na kisigino kilekile, tairi lilelile, ambavyo sasa hivi vilikuwa vimeshindwa, vikashika. Akasimama. Gurudumu la mbele liligusa lori taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

Nyuma yake dumu moja lilipasuka katikati ya lami. La pili lilijiviringisha kwa starehe mpaka ukingoni, likaingia korongoni, na likachukua muda mrefu kumaliza kugonga. La tatu, la Nyabenda, lilijigonga kwenye jiwe, kizibo kikaruka, pombe ikatoka ikitoa povu mpaka kwenye mtaro.

Utingo wa lori akatokea na tawi mkononi. Akamwangalia mtu aliyevaa suti, akanusa. "Mzee, harusi ni hapa?"

Misago alijaribu kucheka, akajikuta analia. Alilia kwa sauti, bila aibu yoyote sasa. Butoyi akafika, akashuka, akaitazama barabara iliyolowa, akautazama mpira unaoburuzika.

"Umeachia mzigo," akasema polepole.

"Nimeachia."

Butoyi alifungua mdomo. Alikuwa na kejeli za kumtosha mwaka mzima, na wote wawili walijua. Akatazama korongo. Akaufunga mdomo, akaushika usukani wa Misago, wakalipita lori kwa miguu.

Nyumbani kwa wakwe turubai lilikuwa limejaa. Wakwe upande huu, watu wa mlima upande ule, na katikati Spesiyoza, mrefu na mnyamavu chini ya nguo, bila uso. Ponsiyano, baba wa bwana harusi, alikuwa tayari ameanza kuwachokoza wageni.

"Wakwe zetu, tuliambiwa kwenu ndizi zinalala barabarani. Au zimehama?"

Watu wake walikuwa wanacheka Misago alipoingia na dumu moja, jasho na matope juu ya suti, ananuka mpira uliochomwa. Leokadiya alisimama, mkono mdomoni. Alijua harufu ile. Ndiyo iliyokuwa kwenye nguo za Gaspari.

Misago hakujua hotuba. Aliweka dumu chini. "Madumu yalikuwa manne," akasema. "Ya nyumba nne. Gari liliishiwa mafuta, nikayabeba kwa baiskeli. Matatu nimeyaangusha kwenye kona ya mikaratusi. Hayakuanguka yenyewe. Nimevuta fundo mwenyewe."

 Upande wa mlima ndio ulioanza kunung'unika, na Nyabenda, bila shaka, akasimama juu ya fimbo yake, ndevu zikimtetemeka.

"Mbebaji wa Bugarama! Mbele ya wakwe! Unasimama na kusema kwa mdomo wako umeachia mzigo? Pombe ya nyumba zetu? Kaka yako asingefanya hivi."

"Kweli," ikasema sauti kutoka chini ya nguo.

Hakuna aliyetegemea. Bibi harusi hasemi kabla hajafunuliwa, hilo linajulikana hata na kuku. Shangazi wa bwana harusi alimgusa bega ili anyamaze, hakunyamaza.

"Kweli, mzee Nyabenda. Baba yangu asingefanya hivyo. Baba yangu alikutwa na mzigo wote. Ulisema mwenyewe siku ya mazishi, nilikuwa nimekaa pale. Hata ndizi moja haikufunguka." Nguo ilikuwa inatikisika. "Nilikaa mwaka mzima nikizichukia zile ndizi. Sasa nifunueni. Nataka kumwona aliyefika."

Nyabenda akakaa, polepole, akailaza fimbo yake chini.

Ponsiyano ndiye aliyeinuka. Hakuchokoza tena. Aliashiria, shangazi akaondoa nguo, na Spesiyoza hakuhitaji kutafuta kiti kwa kiti. Misago alikuwa amesimama mbele yake, mikono haijui iende wapi.

"Ulivuta," akamwambia.

"Nilichelewa kuvuta," Misago akasema. "Niliona haya kwanza."

"Lakini ulivuta."

Leokadiya alikuwa ameshafungua kizibo chake na kuchomeka mrija. Misago akainama, akanywa wa kwanza, kama baba anavyopaswa. Pombe ilikuwa imetikiswa mpaka imekuwa povu tupu, na ilikuwa ya moto. Akameza, akampa Ponsiyano mrija, naye akanywa, akasema ni nzuri, akawaita vijana walete na pombe ya kwake ili watu wasife kiu. Baadaye Nyabenda aliomba mrija kwa sauti ndogo, na alipewa.

Walimpa Misago kiti cha mbele, kiti cha baba, akakikalia chote. Haikupita dakika mguu wa kulia ukaanza kutikisika, vikombe vikaanza kugongana mezani. Leokadiya alinyoosha mkono kuuzuia.

"Mwache, mama mdogo," Spesiyoza akasema, machozi yakimtiririka. "Acha utikisike."